Siri ya Sajini Gogo

Mpaka leo, nikipita penye omena zimeanikwa, ninamkumbuka Sajini Gogo. Mzee aliyetukodishia vitabu vya katuni pale sokoni Kitale alikuwa jirani na wauza omena, kwa hivyo kila toleo lilifika nyumbani kwetu mtaa wa Tuwan likinuka samaki. Mama alitukataza kuviweka kitandani. Tuliviweka, bila shaka, na mito yetu ikanuka vilevile.

Sajini Gogo hakuruka angani wala kutoa moto machoni. Uwezo wake ulikuwa mmoja tu: hakusikia maumivu. Majambazi walimpiga nyundo, wakamgonga kwa trekta, naye hakukunja hata uso. Mimi nilimwona mjinga kidogo. Lakini kaka yangu Wekesa, mwenye miaka kumi na mitatu, alimsoma kama mtu anayesomea mtihani. Agosti ile ilikuwa zamu yake kupashwa tohara kule kwetu Bokoli, na kwetu sisi Wabukusu kijana hutahiriwa akiwa amesimama mbele ya watu wote. Akitikisika, akipepesa hata jicho, aibu inabaki kwa ukoo. Kulikuwa na mzee wa huko aliyetikisika ujanani. Alishakuwa na wajukuu, na bado watu wakimtaja walianzia hapo.

Wekesa akaacha kula vizuri. Alijifinya mkono mbele ya kioo huku akijikagua uso. "Huyu Gogo lazima kuna kitu anafanya," aliniambia. "Si bure." Na kweli, nyuma ya toleo la tisa waliandika kwamba la kumi, la mwisho, lingefichua siri yake. Shule zilipofungwa Wekesa alitangulia Bokoli kupiga njuga na kualika jamaa. Mimi dada yake nikaachiwa kazi ya kulitafuta toleo la kumi, naye akanipigia mara mbili kwa simu ya mjomba, ile ndogo ya mulika mwizi, kuuliza kama nimelipata.

Nililipata siku mbili kabla ya safari, nikalisoma nimesimama hapohapo sokoni. Jamani, nilitaka kulia. Ukurasa wa mwisho Gogo amelala hospitalini, machozi yanamtiririka, anamwambia nesi: "Inauma. Imekuwa ikiniuma tangu siku ya kwanza." Chini yake, Mwisho. Hakuna dawa, hakuna mkanda wa ajabu. Matoleo kumi ya kunuka omena, kumbe jamaa alikuwa akiumia kama sisi tu.

Nililisoma tena na tena njia nzima hadi Bokoli. Ningempaje Wekesa kitu kama hicho? Tulipofika niliingia jikoni kwa nyanya yetu, nikauchana ukurasa ule, nikautia motoni. Jioni Wekesa akaja, mwili vumbi tupu, sauti imemkauka kwa kuimba. Hakunisalimia.

"Umeleta?"

"Nimeleta, lakini ukurasa wa mwisho umetoka. Mimi niliusoma kabla."

"Ilikuwa nini?"

"Anaangalia kitu kimoja, mbali," nikasema. "Ati ukikikazia macho husikii kitu. Hata kidogo."

Akanishukuru kama mtu mzima. Sijawahi kuogopa shukrani kama ile.

Asubuhi, walipokuwa wakimrudisha kutoka mtoni amepakwa matope tayari kwa kisu, nilikuwa ndani na Mama. Desturi inataka mama mzazi asubiri ndani ya nyumba. Alikaa sakafuni, miguu ameinyoosha, ameshika nguzo, nami nimemshika yeye. Nje nyimbo zikakatika ghafla. Nikajua akitikisika ni kosa langu. Nilitubu uongo wote niliowahi kusema, hata ule wa sukari niliyoilamba. Halafu filimbi ya kutangaza kwamba mtahiri amemaliza ikalia, na dada zake baba wakapiga vigelegele. Wekesa hakuwa ametikisika. Na mimi, Mungu anisamehe, nilijipongeza. Kwa miaka mingi niliamini kwamba ni mimi niliyemsimamisha.

Juzijuzi zamu ilifika kwa kijana wake Wekesa. Nilimkuta Wekesa nyuma ya nyumba akizungumza naye polepole. "Itauma," alimwambia. "Iliniuma mimi, ikamuuma babu yako. Wewe simama nayo tu." Kijana alipoondoka nilimuuliza mbona anamtisha mtoto.

"Mimi niliambiwa sitasikia," akasema. "Nilikazia macho bati la jirani, na bado nikasikia. Nikajua basi, wengine wote wako sawa, ni mimi nimeharibika. Wiki zote zile nikiuguza kidonda, sikumwambia mtu."

Hakusema ni nani aliyemwambia hivyo. Labda alisahau, labda alinihurumia. Wazee, wajomba, sisi sote tulimwacha aamini kwamba mwanamume hasikii. Katika umati ule wote mmoja tu ndiye aliyekuwa tayari kumwambia kaka yangu ukweli, naye alikuwa mtu wa kuchorwa. Nikamtia motoni mimi mwenyewe, nikijiona dada mwema.