Sentensi za Bibi Ambazo Sikuzitafsiri

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Kebirigo, mwaka wangu wa pili kazini, mhadhiri mmoja wa chuo kikuu alipomwandikia mwalimu mkuu wetu barua akitafuta mtu wa kumtafsiria. Uhuru ulikuwa bado mchanga. Wasomi walikuwa wakipita vijijini na vinasa sauti ili wazee wasimulie kabla hawajafa, kwa sababu, walisema, historia yetu ilikuwa imeandikwa na watu waliotuchomea nyumba. Jambo hilo lilinipendeza sana. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, na nilijiona nimeitwa kwenye kazi ya maana kuliko kuwafundisha watoto kuzidisha.

Mhadhiri huyo alikuwa mtu wa Pwani, mpole, mwenye viatu vya ngozi ambavyo udongo wetu uliviharibu siku ya kwanza. Ekegusii hakukijua. Mzee wa kwanza tuliyemtembelea alitaja "baba" mara nyingi, naye akaandika haraka kwamba mzee anamsifu baba yake. Nikamwambia kwamba kwetu baba ni mama, na mzazi wa kiume ndiye tata. Alicheka, akafuta. Kuanzia hapo hakuniuliza mara mbili juu ya neno lolote.

"Bila wewe, Mwalimu, mimi ni kiziwi," aliniambia.

Aliyemtaka hasa alikuwa bibi yangu mzaa baba. Babu alikuwa ameshakufa zamani, lakini jina lake lilikuwa bado likizungumzwa. Wazungu walipoleta askari milimani kwetu, miaka ile ya mwanzo kabisa, babu ndiye aliyewaongoza njiani. Baadaye wakamfanya mkubwa wa kijiji. Wengine walisema aliwauza watu wake. Wengine walisema aliwapoteza askari kwa makusudi. Walioona kwa macho yao walikuwa wamekwisha, isipokuwa bibi, ambaye wakati huo alikuwa bi harusi wa miezi michache.

Mhadhiri alikuja kwetu Jumapili asubuhi. Sisi ni Wasabato, na alikuwa ameonywa kwamba Jumamosi hatafunguliwa mlango. Mama alikuwa ameanika pareto kwenye mikeka uani. Bibi aliketi kwenye kiti cha miguu mitatu, na baba akaketi karibu naye, amevaa koti lake la kanisani. Hakuna aliyemwalika baba aketi pale, lakini nyumba ilikuwa yake na mzee wa kanisa haambiwi aondoke.

Bibi alikitazama kinasa sauti kikizunguka, kisha akaanza. Alisema kwamba siku hiyo wanawake, watoto na wazee walikuwa wamejificha bondeni karibu na mto, kwenye matete. Askari walimkamata babu barabarani wakamtaka awaonyeshe watu walipo. Kulikuwa na njia mbili. Ya chini ilikwenda moja kwa moja mtoni. Ya juu ilipanda kwenye kilima na kuzunguka mbali. Babu aliwapeleka kwa njia ya juu. Walipogundua, jua lilikuwa kichwani, na wote waliokuwa kwenye matete walikuwa wameshavuka mto. Bibi mwenyewe alivuka akiwa amembeba mtoto ambaye hakuwa wake.

Hayo yote niliyatafsiri, na mhadhiri akanitaka niyaandike pia kwa Kiswahili kwenye daftari.

Kisha bibi akaendelea, na sauti yake haikubadilika hata kidogo. Alisema kwamba juu ya kilima, kwenye njia ile ile, palikuwa na boma la baba yake mzazi. Babu alilijua vizuri. Alikuwa amelipa mahari pale miezi michache tu nyuma. Askari walilikuta likiwa na watu. Walichoma nyumba, wakamuua kaka yake bibi mlangoni, wakaswaga ng'ombe wote. Vita vilipotulia, babu aligawiwa baadhi ya ng'ombe hao kwa kazi aliyoifanya, na akawakubali. Mmoja alikuwa ng'ombe wa kahawia ambaye bibi alimkamua tangu utotoni kwa mama yake. "Nilimkamua tena kwa mume wangu," alisema. "Njia iliyotuokoa ndiyo iliyowaua wa kwetu. Nilimuuliza mara moja tu kwa nini aliichagua. Akaniambia ninyamaze, nami nikanyamaza, nikamzalia watoto saba."

Mimi sikuwahi kuyasikia hayo. Nilimtazama baba. Alikuwa ametazama chini. Naye pia, nadhani, alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza. Mhadhiri alisubiri, kalamu mkononi, akitutazama kwa heshima.

"Anasema vita viliwaumiza wengi," nilisema. "Na kwamba babu hakupenda kuyazungumzia baadaye."

Niliandika hivyo kwenye daftari, kwa mwandiko wangu mzuri wa ualimu.

Bibi hakujua Kiswahili zaidi ya salamu na maneno ya sokoni, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Alinigeukia. "Maneno yangu yalikuwa marefu. Yako mbona mafupi?"

"Kiswahili ni kifupi, magokoro," nikamjibu.

Aliinuka akaenda kugeuza pareto, kazi ambayo haikuwa yake.

Watu huniuliza kwa nini. Najua sababu na hazinisaidii. Mgeni hasimuliwi aibu ya nyumba. Baba alikuwa pale. Zaidi ya yote, nilikuwa nimeupenda ule mwanzo wa hadithi, babu yangu akiwazungusha Wazungu kilimani, nami sikutaka mtu auguse.

Bibi alikufa kabla ya msimu wa mvua uliofuata. Kitabu cha mhadhiri kilitoka baadaye kidogo. Babu alipewa kurasa nne. Aliitwa mpinzani aliyejificha ndani ya utumishi, mtu aliyeonekana anatii kumbe anakataa. Kitabu kilisifiwa, nchi mpya ilihitaji mababu wa namna hiyo. Baba alinunua nakala ingawa hakusoma Kiingereza, akaiweka juu ya kabati pamoja na Biblia. Kamati ya shule ilianza kusema kwamba shule yetu ipewe jina la babu.

Halafu akaja msomi wa pili. Huyu alikuwa mtu wetu, kijana aliyekulia upande wa Nyansiongo kwenye mashamba waliyoyaacha walowezi, na aliwahi kuwa mwanafunzi wa mhadhiri. Alikuwa amesoma makaratasi ya serikali ya zamani, na humo alimkuta babu kwenye orodha ya waliogawiwa ng'ombe wa mateka. Aliandika makala kali. Kwake, babu alikuwa kibaraka kama vibaraka wengine, na mwalimu wake alikuwa amedanganywa na familia inayosafisha jina lake. Shule haikupewa jina. Sokoni Kebirigo mwanamke mmoja aliyekuwa akituuzia wimbi kila wiki alimwambia mama kwamba kwake hakuna wimbi la watu wa ng'ombe wa damu.

Wawili hao walikutana mbele ya watu kwenye chuo cha ualimu mjini Kisii, na walimu wa wilaya tulialikwa kusikiliza. Ukumbi ulijaa. Mhadhiri alisema kwamba makaratasi ya mkoloni ni sauti ya mkoloni, na hayawezi kuaminiwa kuliko kinywa cha mwanamke aliyekuwepo. Kijana akajibu: "Mwanamke huyo alikuwa mke wake! Mke atasema nini juu ya mumewe? Katika ushahidi wake wote hakuna hata neno moja baya juu yake. Hilo peke yake linatosha kutufanya tuutilie shaka." Walimu walipiga makofi.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Bibi hakuwa mke anayempamba mumewe. Alikuwa mwanamke ambaye mumewe aliwapeleka askari mlangoni kwao, na bado, baada ya miaka yote ile ya uchungu, akakubali kwamba njia ile iliwaokoa wa mtoni. Hakuna shahidi wa kuaminiwa kuliko huyo. Mimi nililiondoa lile baya, na lile jema nalo likakosa miguu ya kusimamia.

Wakati wa chai niliwaendea wote wawili, wamesimama na vikombe vyao karibu na dirisha. Niliwaambia kila kitu.

Mhadhiri aliweka kikombe chake dirishani. Alikuwa amezeeka. "Mwalimu," alisema taratibu, "nina daftari lenye mwandiko wako."

"Najua. Sikilizeni ukanda. Sauti yake imo."

"Kanda zilikuwa ghali," alisema. "Tulikuwa tukishaandika tafsiri, tunarekodi juu yake."

Nikamgeukia kijana, ambaye angalau alikijua Ekegusii. Nilimsimulia maneno ya bibi kama alivyoyasema, na nilipofika kwenye ng'ombe wa kahawia aliitikia kwa kichwa; hilo lilifanana na makaratasi yake. Nilipofika kwenye matete akatabasamu.

"Dada," alisema, "hilo la ng'ombe nalikubali, maana linakuumiza kulisema. Lile la mto linakufaa wewe na baba yako. Ulimdanganya mwalimu wangu ulipotaka. Leo nitajuaje unadanganya wapi?"

Swali lake lilikuwa la haki, ndiyo maana nilimchukia.

Nilimwandikia mhadhiri barua ndefu ili pawe na kitu kwenye karatasi. Toleo la pili la kitabu lilipotoka, kurasa nne za babu zilikuwa vile vile, na chini ya moja, kwa herufi ndogo, paliongezwa kwamba ndugu mmoja wa familia alitoa baadaye maelezo tofauti. Nilimsomea baba mezani. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Uliponificha mbele ya mgeni, ulikuwa mwanangu," alisema. "Ulipokwenda kunivua nguo mjini, ulikuwa mwanangu vilevile. Sasa niambie, ni lini hasa ulipomfikiria mama yangu?" Kisha akaenda kuchuma chai, na kwa muda mrefu tuliongea mambo ya shamba tu.

Mwisho nilikwenda Mosocho, kwa ukoo wa bibi, jambo ambalo ningepaswa kulifanya kwanza. Aliyenipokea alikuwa mtoto wa yule kaka aliyeuawa mlangoni, mzee sasa, na macho yake yalikuwa na ukungu. Alinipa ndizi za kuchemsha na maziwa ya mgando. Nilimweleza nilichofanya na bibi alichosema, sikupunguza neno.

"Habari ya ng'ombe tulikuwa nayo," alisema. "Tulizaliwa tukiijua. Tulikuwa tunangoja tu mmoja wenu aje aitamke. Waliongoja zaidi wamezikwa pale nyuma ya nyumba."

Nikamwomba msamaha kwa niaba ya nyumba yetu. Aliupokea kwa kichwa tu.

"Na watu wa mtoni?" nikamuuliza. "Unaamini kwamba aliwaokoa?"

Aliipangusa mikono yake kwenye magoti.

"Baba yangu hakuwa mtoni," alisema. "Alikuwa nyumbani."

Alinisindikiza mpaka barabarani kama desturi inavyotaka. Aliniaga vizuri, akanitakia amani, kisha akaniomba nikija tena nije kwa harusi au matanga, lakini nisije tena kwa habari hiyo.