Kwenda Huye kwa Kupitia Bukavu

Nilisafiri kwa sababu sikuweza kutulia. Vyuo viwili vya udaktari vilikuwa vimenikubali, kimoja Bukavu, ng'ambo ya daraja la mpakani, kingine huku Rwanda, Huye, ng'ambo ya msitu wa Nyungwe, na vyote viwili vilitaka jibu kabla ya Ijumaa. Wenzangu wa Gihundwe, mtaa wetu wa Kamembe, waliokosa hata kimoja walinicheka, wakasema hiyo ni shida tamu. Mimi nilikuwa nimetafuna kucha mpaka vidole vinauma. Asubuhi nilikuwa mwanafunzi wa Bukavu, baada ya chakula cha mchana nilikuwa wa Huye, na jua likizama sikuwa wa popote.

Papa hakuwa na mashaka yoyote. Alizaliwa na kukulia Bukavu, wazazi wake wakiwa wakimbizi kutoka Rwanda, akarudi Rwanda akiwa mtu mzima, na sasa anashona suti karibu na soko la Kamembe. Kwake jambo lilikuwa limekwisha. Ningevuka asubuhi, nisome, nivuke tena jioni, nile na kulala kwetu. Nami hesabu hiyo ilinipendeza. Kila aliyeniuliza nataka kuwa daktari wa nini nilimjibu kwamba nataka kuwa daktari wa karibu na nyumbani, na watu walitikisa kichwa kwa kuridhika. Lakini moyo haukunyamaza. Nikamwambia Papa nitakwenda kuviona vyuo vyote viwili kabla ya kuamua. Alikunja uso, akasema Bukavu haina haja ya kwenda kuonwa, kisha akanipa nauli.

Jumatatu asubuhi nilipanda moto, pikipiki ya abiria, kutoka Gihundwe hadi mpakani. Nilichukua jeton, ile karatasi ya ruhusa ya kuvuka na kurudi, nikapita darajani katikati ya akina mama waliobeba nyanya na vitunguu. Upande wa pili nilipanda moto nyingine, na baada ya mashimo mengi na vumbi jekundu la kutosha kubadilisha rangi ya blauzi yangu, nikafika kwa Tante Furaha. Huyu ni dada yake Papa. Aliolewa Bukavu na hakurudi Rwanda na wenzake. Binti yake, Neema, alikuwa mwaka wa nne katika chuo kile kile nilichokuja kukiona.

Neema alinizungusha kila mahali. Nilikipenda chuo mara moja, nakiri. Masomo yote ni kwa Kifaransa, lugha niliyoizoea nyumbani, na walimu wanasifika. Tuliketi kwenye ngazi za maktaba, nikamweleza mpango wangu wa kuvuka kila jioni.

"Na siku za garde utalala wapi?" aliuliza.

Nilimwambia sijui garde ni nini hasa.

"Ni zamu ya usiku hospitalini. Kuanzia mwaka wa nne, iko lazima. Frontière inafungwaka jioni, Solange, na bagonjwa habangojake asubui. Udaktari unajifunzia pale, usiku."

Habari ya mpaka kufungwa jioni sikuwa nimeifikiria. Sisi watu wa Kamembe tunapima umbali kwa macho. Tukisimama uwanjani tunaona mabati ya Bukavu yakimetameta, basi tunasema Bukavu ni hapa. Tunasahau kwamba kati ya jicho na bati kuna lango linalofungwa. Mtu aliyekulia mbali na mpaka asingefanya kosa hilo, angeuliza saa ya kufunga kabla ya kitu kingine chochote.

Alasiri nilionjeshwa lango lenyewe. Tante alinilazimisha nile sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, kabla ya kuondoka, mazungumzo yakawa marefu, na moto yangu ikakwama nyuma ya lori lililoharibika katikati ya barabara. Nilishuka, nikakimbia kipande kilichobaki nikiwa nimeshika viatu mkononi. Nilipita darajani pamoja na watu wa mwisho. Askari mmoja aliniambia kwa upole kwamba kesho nianze safari mapema.

Nyumbani nilimweleza Papa habari ya garde. Hakuinua macho kutoka kwenye suruali aliyokuwa akiipinda. Alisema nitazoea. Nikamuuliza nitazoeaje lango lililofungwa, naye akaniomba nimpitishie mkasi.

Jumatano alfajiri nilikuwa gare ya Kamembe, kituo cha mabasi, na tiketi ya Huye. Mama alikuwa amenifungia sambaza kavu, vile visamaki vya ziwani, kwenye mfuko, kwa sababu hakuna mtu wa kwetu anayekwenda upande ule mikono mitupu. Abiria wanne wengine walikuwa na mifuko kama wangu, na tukafunga madirisha kwa ajili ya baridi. Sina haja ya kueleza harufu. Baada ya mashamba ya chai ya Gisakura basi liliingia msituni, na kona zikaanza. Kila kona ilinibadilisha mawazo. Kushoto, Bukavu, nilale kwa Tante. Kulia, Huye, nirudi kwetu likizo kwa likizo. Mwanamke mmoja wa makamo alikuwa ameketi pembeni yangu, akitapika kwa adabu ndani ya mfuko wake wa plastiki, na kila akimaliza aliniomba radhi.

Katikati ya msitu ambulansi ilitupita kwa kasi, taa zikiwaka. Yule mwanamke alifuta mdomo, akasema huyo anapelekwa Huye kwa daktari bingwa wa kupasua, kwetu hakuna. Mume wake naye alipita hivyo hivyo, na safari hii yeye anamfuata hospitalini kwa mara ya tatu. Aliniuliza ninakwenda kufanya nini Huye. Nilimwambia ninakwenda kutazama shule. Sikusema shule ya nini. Niliona haya, na wakati ule sikujua kwa nini.

Saa sita hivi tulifika. Claudine alinipokea kituoni. Ni mtoto wa kijiji cha Nyakarenzo, karibu na kwetu, tulisoma sekondari moja, yeye akiwa mbele yangu miaka mitano, na sasa alikuwa mwaka wa tano wa udaktari. Alinusa mfuko, akacheka, akanikumbatia. Huye ilinipokea kwa utulivu: barabara safi, miti mirefu, watu wanaotembea bila kukimbia. Utulivu ule ulinizidishia wasiwasi.

Jioni Claudine alinipeleka kwenye darasa tupu ambamo wanafunzi sita hukutana kujifundisha wenyewe. Mmoja anakuwa mgonjwa na kulalamika kwa Kinyarwanda, mwingine anampima, halafu anageuka na kueleza kila kitu kwa Kiingereza, lugha ya masomo ya Huye, na wenzake wanamhoji bila huruma. Waliniweka mimi mgonjwa. Nilisema tumbo linaniuma upande wa kulia. Kijana aliyenipima alieleza vizuri lakini alisahau kuniuliza maumivu yalianzia wapi, wakamkalia kooni mpaka akatoa jasho. Kile Kiingereza chao cha haraka kilinitisha kuliko msitu. Pale pale nilianza kumtetea Papa moyoni.

Tukitembea kurudi chumbani kwake, Claudine aliniuliza nataka kuwa nani. Nikatoa jibu langu la siku zote, daktari wa karibu na nyumbani.

Alisimama. "Ile haiko kazi, mama. Ile ni adresse. Nakuuliza kazi."

Nilikasirika, na kwa hasira neno likanitoka. Nilisema nataka kupasua watu. Nataka kuwa bingwa wa upasuaji wilayani kwetu, Rusizi, ili ambulansi zipunguze kupita msituni. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote. Niliogopa kwamba nikisema hivyo nitadaiwa Kiingereza, miaka mingi, na akili ambayo sina hakika nayo. Claudine hakunipongeza. Alisema kwa vyovyote vile nitalala mbali na Mama, iwe Bukavu au Huye, basi nisidanganye watu na umbali. Aliongeza kwamba shahada ya Bukavu ni nzuri, lakini nikirudi nayo itabidi ikubaliwe kwanza huku Rwanda kabla sijagusa mgonjwa, na kwamba yeye mwenyewe anaomba mazoezi ya mwisho ayafanyie wilayani kwetu.

Alhamisi nilirudi kwa basi la asubuhi. Kona zilikuwa zile zile, ila hazikunibadilisha mawazo tena. Nilichokuwa nikihangaika nacho sasa ni namna ya kumwambia Papa.

Nilimkuta kwenye kibanda chake cha kushonea, peke yake. Nilimwambia nimechagua Huye, na kwa nini. Alizima cherehani.

"Mambo ya garde nilikuwa najua," alisema.

Nilimuuliza kwa nini basi aliniambia nitalala nyumbani.

"Nilijua utaishia kulala kwa Furaha. Na mimi ningekuwa navuka kila siku ya Mungu kukuona."

Nilimwambia kwamba Tante Furaha yuko kule siku zote, anaweza kwenda kumwona yeye. Alikunja utepe wake wa kupimia mara mbili, mara tatu.

"Miaka yote tukiwa kule tulisema kwetu ni huku. Tukarudi. Sasa bantu baseme nini wakiniona navuka bure, sina biashara, sina mugonjwa kule? Kama mtoto wangu anasoma kule, hakuna wa kuniuliza."

Sijui kama niliwahi kumpenda Papa kuliko dakika ile, na sijui kama niliwahi kumwonea uchungu zaidi. Wote wawili tulikuwa tumeficha tunachokitaka nyuma ya kilomita chache, mimi kwa woga, yeye kwa aibu. Hilo ndilo nililolipata katika safari hii, na nililipata pale kibandani, si Bukavu wala Huye. Nilituma jibu langu mbele yake. Aliniuliza kama huko Huye kuna baridi, nikamwambia ipo, akaanza kutafuta kitambaa kizito.

Jumapili baada ya misa alibaki na suti yake ya kanisani, akang'arisha viatu, akashika njia ya mpakani. Jirani mmoja alimuuliza anafuata nini Bukavu. Papa alisimama kidogo, kisha akasema hafuati kitu, anakwenda tu.