Chungu cha Cucu

Sabuni ya unga ikikutana na maji moto kwenye sinki yangu, mimi huacha vyombo kwanza nikafungue mlango.

Cucu, mama yake mama, alipozikwa kule Kibugu, mama alirudi na kitu kimoja tu: chungu alichokuwa akipikia uji wa wimbi. Hatukupika ndani yake hata siku moja. Kila Jumamosi mama alikisugua kwa majivu na gunzi la mahindi, bila sabuni, kwa sababu chungu cha udongo hunywa chochote unachokitilia. Kisha alimimina maji moto, akainama juu ya mvuke na kujifunika leso kama mtu anayejifukiza homa, akanivuta ndani pamoja naye. Harufu ya ule uji mchachu, wenye moshi kidogo, ilitupanda usoni. Mle ndani ya leso tulipumua kama watu watatu.

Siku moja shangazi, dada yake baba, alikuja kututembelea. Tulipotoka shambani tulikuta vyombo vyote vimeoshwa, na chungu kimeinamishwa juani.

“Wifi, hicho kilikuwa na masizi!” alisema kwa furaha. “Kimemaliza pakiti nzima ya sabuni.”

Mama alikitoa chungu juani. Alichemsha maji, akamimina, akainama bila leso. Povu jeupe lilitoka kwenye udongo wenyewe, likinuka sabuni tupu. Alikaa hivyo mpaka maji yakapoa.

“Umemtoa,” akasema polepole.

“Nani?” akauliza shangazi.

Mimi nilikuwa nimeshageuka kuangalia mlangoni.