Kiduara cha Pembeni

Nafundisha hesabu darasa la saba hapa Katoro, na hasira zangu ziko karibu. Mtoto akisiliba ovyo viduara vya majibu kwenye mtihani wa majaribio, nafoka mpaka majirani wa shule wanasikia. Mke wangu huniuliza, "Kwani wamekuibia nini?" Hawajaniibia kitu. Mwizi ni mimi.

Kwetu ni kijijini Shinyanga, wazee wanalima pamba na kufuga. Mwaka niliomaliza kidato cha nne, mdogo wangu wa kike alikuwa darasa la saba. Hesabu zangu za sekondari alikuwa akinifanyia yeye, kwa kijiti kwenye udongo, tukipumzika kupalilia. "Kaka, kichwa chako kimejaa michembe ya viazi!" ananicheka. Alitaka kuwa muuguzi. Alilisema kila siku hadi tukachoka kusikia.

Siku chache kabla ya mtihani wake, baba aliniita zizini. Kuna watu walishakuja kuulizia binti. Akifaulu, serikali itamtaka sekondari, na mahari itaota mbawa.

"Nikimwambia mimi atalia," baba alisema. "Wewe anakusikiliza. Mwambie ajaze majibu ya uongo."

Kisha akaongeza kwamba ng'ombe wakiingia, nami nitapelekwa chuo cha ualimu.

Ningeweza kukataa. Sikukataa, jamani! Nilimfuata lamboni anachota maji, nikamfikishia maneno ya baba, tena nikayapamba: heshima, radhi ya wazazi, na mengine ya kujikosha. Hakulia. Aliuliza tu, "Na wewe kaka, unataka hivyo?"

Nikasema ndiyo.

Akafeli. Mwalimu wake akashangaa, akasema labda mtoto aliugua. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mimi nilifunga begi nikaenda chuo.

Leo mdogo wangu anaponda mawe ya dhahabu kwenye machimbo ya Mwakitolyo. Mume alihamia machimbo mengine, akapotelea huko. Jumapili iliyopita mdogo wangu alikuja kunitembelea na binti yake, ambaye wiki ijayo anafanya mtihani uleule. Tulikula, tukataniana kama zamani. Binti alipotoka kuosha vyombo nikajikaza, nikamwomba mdogo wangu msamaha. Nilikuwa sijawahi.

Alitazama viganja vyake vilivyojaa sugu.

"Unajua nilifanyaje, kaka? Kila swali nilitafuta kwanza jibu lenyewe. Nikishalipata, nasiliba kiduara cha pembeni yake. Niliogopa kubahatisha, nisije nikapatia nikakuharibia chuo."

Mungu wangu! Nilikosa pa kuweka uso.

Akamwita binti. Akaja na povu mikononi, akasimama mbele yangu.

"Mjomba wako ana neno na wewe," mama yake akamwambia. Kisha akanigeukia. "Haya kaka, mwambie ajaze ya kweli. Wewe huwa unasikilizwa."