Kibwebwe Juu ya Mfuko

Shule nilifika darasa la pili, na hilo nalo sikulimaliza. Ninachokijua kimeingilia mgongoni. Nilianza kwa kubeba magunia ya dagaa pale soko la Kibirizi, kando ya ziwa, nikanunua gunia langu la kwanza, mwisho nikajenga nyumba ya matofali mtaa wa Mwanga. Sasa mtu asinifundishe dagaa. Miaka mingi wanunuzi walikuwa wakinisubiri nifungue gunia, nitafune dagaa watatu, niseme kama walikaushwa kwenye chanja au walitandazwa mchangani. Nikisema, imesemwa. Kiti changu kilikuwa kreti ya soda iliyopinduliwa, na hakuna mtu aliyethubutu kuikalia.

Halafu utumbo ukaziba. Nikapasuliwa. Nilipozinduka nilikuwa na tobo upande wa kushoto wa tumbo, jekundu kama ufizi, na mfuko umebandikwa juu yake. Choo kinatoka hapo chenyewe, hakiniombi ruhusa. Nesi alinitajia jina refu la hospitali. Mimi nauita mfuko.

Miezi mitatu sikuvuka uani kwangu. Niliogopa harufu, niliogopa kuvuja, niliogopa ule mlio unaotoka wakati watu wamenyamaza. Ndugu walidhani nina huzuni. Ulikuwa wivu. Mke wangu akienda chooni na kufunga mlango, nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu hata mbuzi wa jirani, anayedondosha akiwa anatembea na hakuna anayegeuka kumtazama.

Lakini wivu hasa, ule wa kunikosesha hamu ya kula, ulikuwa wa mtu mmoja. Kijana huyo nilimtoa kijijini Simbo mimi mwenyewe, hana hata kandambili. Nikamfundisha kubeba, kisha nikamfundisha kutafuna. Sasa ana mke na watoto wanne.

Siku moja mke wangu alirudi kutoka sokoni, akaanza kumenya mihogo.

"Yule mtu wako ndiye anayeonja dagaa siku hizi," akasema.

"Anakaa wapi?"

"Akae wapi? Si kwenye kreti."

"Yangu?"

"Mume wangu, kreti ni kreti."

Asubuhi iliyofuata niliamua kwenda. Nikawaza: mpagazi akitaka kiuno kisimwangushe, hufunga kibwebwe. Nikachukua kitenge cha mke wangu, nikakizungusha juu ya mfuko, nikakaza kwa nguvu zote, kama siku zile. Nikavaa shati, nikajiangalia. Tumbo bapa! Nikapanda bodaboda kifua mbele.

Yule bwana, pale kwenye kreti yangu, aliponiona alisimama haraka. "Shikamoo mzee! Jamani, mleteeni mzee kiti!"

Wakaniletea kiti cha plastiki. Kiti cha mgeni. Wakakiweka kivulini, mbali na magunia, nikakaa pale kama mtu aliyekuja kuhani msiba. Yeye akarudi kwenye kreti yangu, akatafuna, akatema, akatikisa kichwa vilevile ninavyotikisa mimi. Watu wakamsikiliza.

Hapo ndipo nikasikia joto linateremka nyongani. Mpagazi mmoja akanusa.

"Kuna mzigo umeharibika hapa?"

"Samaki hanuki hivyo, ndugu yangu," akajibu mwenzake, wakacheka. Hawakujua. Mimi nilijua.

Mama mmoja mwenye asili ya Kongo, anayekaanga samaki wa migebuka pale miaka yote, aliacha kikaango chake akaja mpaka kwangu. "Baba, njoo kwangu kidogo," akasema kwa sauti ya chini. Akanipeleka nyuma ya kibanda chake cha mabati, akanipa ndoo ya maji na sabuni. Alipoona kile kibwebwe alipiga makofi.

"Umefunga kama unabeba gunia! Kile kitu kinataka kushuka, baba. Ukikibana, kinatafuta njia ya pembeni."

"Wewe umejuaje?"

Akashusha ukingo wa khanga yake kidogo tu. Na yeye anao. Mwaka wa sita.

"Mfuko ukifika theluthi, nenda kamwage, usingoje ujae. Nguo funga legelege. Na mfuko mwingine uwe nao kila unapokwenda."

Nilimshukuru, lakini baadaye. Kwanza nilimwonea wivu na yeye. Miaka sita ananikaangia samaki, anasukuma kuni, anagombana na wateja, na mimi mwenye macho makali sikuona kitu.

Nilipumzika siku mbili. Siku ya tatu nilirudi na shati pana, mfuko wa akiba ukiwa ndani ya kikapu. Kiti cha plastiki nilikipita. Nikaenda moja kwa moja kwenye gunia ambalo yule bwana alikuwa ameshalipitisha, nikapenyeza mkono mpaka chini kabisa, nikatafuna watatu.

"Mchanga," nikasema.

"Mzee, hao ni wa chanja."

"Wa juu ni wa chanja. Tafuna wa chini."

Akatafuna. Kila mtu alisikia meno yake yakisaga. Wakati huohuo, katika ule ukimya, tumbo langu likatoa mlio mrefu.

"Mzee, tumbo linaongea," akasema, aone kama nitaaibika.

"Linakubaliana na mimi."

Wapagazi waliangua kicheko, na safari hii nilicheka nao. Yule bwana alitema mchanga, akasogea pembeni ya kreti. Hakusimama. Alisogea tu, nafasi ya tako moja.

Nikaikalia hiyo nafasi. Wivu haujaniisha, nisiwadanganye. Siku hizi nawahi kreti kabla yake.