Kanda Iliyokataa Kuanza

Nianze kwa kukiri, maana nikichelewa nitaanza kujitetea: mimi ndiye niliyeifuta kanda ya baba mdogo. Tena si moja. Nilifuta boksi zima, pamoja na ile ya kwanza iliyozaa wenzake. Na nilizifuta huku natafuna karanga.

Miaka ile ya ruksa kila mtu pale Mbinga aligeuka mfanyabiashara. Makarani wa ushirika waliuza mitumba, wanunuzi wa kahawa walikuja na malori yao wenyewe, na mimi niliyekimbia jembe la mama nikafungua kibanda cha kurekodi kanda karibu na stendi. Nilikuwa na radio ya deki mbili, betri ya gari, na mdomo. Ukitaka muziki wa Zaire, upo. Ukitaka kwaya, kaa kwenye benchi usubiri.

Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu, alikuwa amepiga gitaa la ridhimu miaka mingi katika bendi ya dansi kule Songea. Bendi ilikuwa mali ya ushirika: vyombo vya ushirika, suti za ushirika, hata viatu. Ushirika ulipoyumba, vyombo vikafungiwa stoo. Mpiga solo akakimbilia Dar es Salaam, mwimbaji akawa kondakta wa basi. Baba mdogo akarudi kwetu mlimani na gitaa lake kavu lisilo la umeme, akapalilia kahawa msimu mmoja, kisha akashuka ziwani Mbamba Bay kwa rafiki yake mkausha dagaa, akarekodi kanda peke yake. Studio ilikuwa chumba cha huyo rafiki. Katika wimbo wa pili jogoo anawika, na kusema kweli anawika mahali pake.

Akaniletea kanda hiyo pamoja na boksi la kanda tupu.

"Wewe ndiye mwenye mashine, mwanangu. Nizalishie hizi, uniuzie. Halafu vunja vile vijino vya juu, asije mtu akanifuta."

Nikazalisha boksi zima, kisha nikavunja vijino, kanda moja baada ya nyingine, mbele ya macho yake. Aliondoka ameridhika kabisa.

Mteja wa kwanza alikuwa dereva wa lori. Kesho yake alirudi amenuna.

"Dada, kanda yako haijaanza."

"Haijaanza vipi?"

"Nimetoka hapa mpaka Kitai nasubiri ianze! Gitaa kachaka, kachaka, mzee anasema maneno mawili, ananyamaza. Nafika Kitai yeye bado anajiandaa."

Nikambadilishia, nikampa ya Zaire, akaenda zake. Wa pili naye akarudi, wa tatu vilevile. Basi nikakaa kuisikiliza mwenyewe, wimbo mmoja na nusu. Kweli bwana! Solo haiji. Kiitikio hakiji. Ridhimu tu, na sauti ya baba mdogo inachungulia kidogo halafu inarudi ndani. Nikasema maskini, ameshazoea kupigia wengine, hajui kwamba wengine hawapo. Nikaizima. Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu yangu, mtaalamu wa muziki wa stendi ya Mbinga.

Sasa kila Jumapili baada ya misa ananisubiri nje ya kanisa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wanasemaje?"

"Aa, wanazigombania!"

Uongo wenyewe ulitoka laini mpaka nikajishangaa. Na kwa kuwa nilikwisha kusema zinagombaniwa, ilibidi zipungue. Kanda tupu zilikuwa adimu mwezi ule, na wateja wamejaa benchini. Nikakunja vipande vya karatasi, nikaziba pale nilipovunja vijino, nikamrekodia mtu Zaire. Kesho yake nyingine. Nilikuwa naandika majina mapya juu kwanza, boksi zima kwa mpigo, halafu narekodi taratibu, na karanga zangu mkononi.

Jumapili moja hakuniuliza wanasemaje. Alinionyesha mkono wake wa kushoto. Vidole viwili vilikuwa vimekaza, havikunjiki.

"Gitaa limenishinda, mwanangu. Nirudishie moja basi, mimi mwenyewe sikubakiza. Nataka niwe najisikia."

Kumbe kitu pekee kilichobaki cha kupiga kwake kote kilikuwa kwangu, nami nimekifunika kwa Zaire! Nikamwambia nitaleta Jumatano. Nikapekua kibanda, nikapindua boksi, nikamkimbilia yule dereva, akanicheka. Hakuna hata moja.

Jumatano nikapanda mlimani kwa mama. Kwetu ukikosea mkubwa huendi mwenyewe kwanza, unatanguliza mtu wa kukusemea, na mama kwa kusema hajambo. Nyumbani sikumkuta. Ilikuwa msimu wa ngolo, yale mashimo yetu ya mlimani: wanaume hufyeka majani na kuyapanga miraba, wanawake wanafuata na majembe, wanachimba udongo wa katikati na kuyafunika. Mama na wenzake walikuwa wanalimiana kwa zamu. Niliwasikia wakiimba kabla sijawaona. Na chini ya kuimba kwao nikasikia kitu kingine.

Kachaka, kachaka.

Nikapanda mbio, kanga inaning'inia. Radio ya mama ilikuwa juu ya kisiki. Majembe kumi yalikuwa yanapanda na kushuka na lile gitaa, kila mwanamke ana ubeti wake, na pale sauti ya baba mdogo inapochungulia wanampisha, akirudi ndani wanadaka.

"Mama! Hii umeitoa wapi?"

"Si wewe uliyenipa? Kwaya yako hiyo." Akanyoosha mgongo. "Ila wavivu hao, mwanangu! Wanapiga gitaa tu, kuimba wametuachia sisi. Tukaona tuwasaidie."

Nikaitoa kanda nikaitazama. Mwandiko wangu: Kwaya. Nikakumbuka siku mama alipoomba kanda ya kwaya, betri ya gari ilizimika kabla sijamrekodia, jina nilikuwa nimekwisha kuandika. Baadaye nikampa vivyo hivyo, nikidhani nimekwisha kuirekodi. Uzembe wangu ulikuwa umeokoa kitu nilichokiua kwa bidii. Nikacheka huku nalia, wale mama wakaniuliza kama nina malaria.

Sikumtuma mama tena. Nilikwenda mwenyewe nyumba ya pili kutoka kwa mama, nikamshika baba mdogo mkono mzima, nikamleta shambani, na njiani nikamwambia yote.

Akasimama.

"Ulirekodi nini juu yangu?"

"Zaire, baba. Na kwaya kidogo."

Akafikiri. "Zaire wanajua kupiga," akasema, akaendelea kupanda.

Tukafika shambani. Alisimama pembeni ya miraba, vidole vyake vizima vinatafuta nyuzi kwenye mshono wa suruali. Wanawake walimsalimu wakaendelea. Katikati ya wimbo betri zikalegea, gitaa likavutika, likanyamaza. Majembe hayakunyamaza. Waliimba mpaka mwisho wa mstari bila radio, wala hawakugundua haraka.

"Wameona pa kuingilia," akaninong'oneza. "Kwenye bendi nilikuwa nawapa nafasi wengine. Nikajua na huku nikiacha nafasi watu wataingia."

Aibu niliyoiona siku ile siisahau. Mama akazitoa betri, akazianika juu ya jiwe zipate jua, kama tunavyofanya zikichoka. Baba mdogo akaketi chini, akanitazama.

"Na wewe, uliisikiliza?"

Uongo ulikuja mpaka mdomoni. Nikaumeza.

"Wimbo mmoja na nusu, baba."

"Basi kaa."

Nikakaa. Lakini mama hana nafasi ya mtu wa kukaa shambani kwake. Betri zilipopata nguvu alinitupia jembe, akageuza kanda upande wa pili. Nikachimba, nikafunika, nikachimba, mikono yangu ya mjini inawaka moto, nasubiri solo kama mjinga. Haikuja. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukapita na jogoo mwingine. Kwenye wa tatu nikajisikia naimba, tena kwa nguvu, maneno sijui nimeyatoa wapi.

Baba mdogo akainua kidole kimoja kizima.

"Enhee," akasema. "Sasa imeanza."