Masale ya Darajani

Nilishuka Moshi mjini kwa sababu mke wangu alirudishwa nyumbani na mkungu wake wa ndizi kichwani. Darajani wakala wa ushuru alikuwa amelaza mti njiani: mwenye gari alipe, mwenye miguu alipe. Mji umeishiwa, walisema, hata magari ya taka hayana mafuta. Sawa. Lakini mama ambaye hajauza kitu alipe na nini?

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, na lori langu nililipata kwa mgongo wangu mwenyewe. Asubuhi ile nililiacha uani. Nikashuka kwa miguu na kina mama wa kwetu Old Moshi, maana kesi ilikuwa ya miguu.

"Meku, leo lori limekufa?" akanichokoza jirani yangu Mama Aika.

"Limepumzika. Wewe tembea."

"Natembea tangu sijaolewa. Anayehema ni wewe."

Darajani tukasimamishwa. Daraja lile tulilijenga kwa msaragambo, kila nyumba ilitoa mtu, na siku ya kumaliza wazee walipanda masale mwanzoni na mwishoni mwake. Kwetu sale ni mmea wa amani. Ukiukuta umepandwa, huugusi. Sasa ya upande wetu yaling'olewa ili nguzo ya kizuizi ipate shimo, yakatupwa mtaroni! Mlinzi alikuwa mgeni, sikumgombeza. Niliyaokota na mizizi yake. Kina mama wakatua mikungu, wakakaa kunisubiri. Mimi nikashuka mtoni nikavuka kwenye mawe, maji yakajaa viatuni. Nilipie miguu yangu? Ng'o.

Mjini nikaingia ofisi ya ushuru. Mkubwa wa pale ni mtoto wa mlimani, amefunga tai.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Nikamwekea masale mezani, udongo na yote.

Akasimama. "Nani kayang'oa?"

"Watu wako. Mti wako umesimama mahali pake."

"Mzee, mji hauna kitu. Nikiondoa ushuru, taka za sokoni nizizoe na nini?"

"Nani kasema uondoe? Malori ndiyo yanatikisa daraja. Yalipe. Mama na mkungu wake hatikisi kitu."

"Na lori lako?"

"Litakuwa la kwanza."

Akacheka, akachukua funguo za gari. "Twende."

Kurudi nilikaa mbele kama bwana harusi, masale mapajani. Darajani yule mkubwa alivua koti, akaamuru nguzo isogezwe, akashika jembe mwenyewe na kuyapanda pale pale. Kisha akamwambia mlinzi, sote tukisikia: "Mwenye miguu apite."

Vigelegele! Mikungu ikapanda vichwani.

"Meku," Mama Aika akapaza sauti, "umeshinda kesi, lakini viatu vyako vinalia!"

Kesho yake nilileta lori. Nikasimama kwenye mti, nikalipa, nikadai risiti yangu. Mke wangu akanipita pembeni na ndizi zake, shingo wima, hata hakugeuka.

"Lipa, baba," akasema, "sisi tunapita."

Nilichojifunza ni hiki: watu wa mlimani si wabahili kama mnavyosema huko Dar. Tuombeni kwa heshima, tutatoa. Mkija Krismasi, punguzeni mwendo pale darajani myaone masale, yameshika vizuri. Na mwenye gari alipe.